Mstari wa Kwanza

Valdivia, Jumatatu, 5 Mei

Mvua imeanza, na hapa kwetu ikianza haina haraka ya kwenda popote. Kuni nilizonunua Machi bado mbichi. Jiko linafuka moshi na macho yananiwasha kama nimemenya vitunguu. Katika moshi huo huo nimeketi nikaandika kichwa cha pendekezo langu: "Neno jipya katika lugha ya taratibu za Ulmo." Kichwa tu, basi.

Ulmo ni hifadhidata. Ilizaliwa mjini humu, katika chumba cha chuo kikuu chenye ndoo ya kukinga matone, ikapewa jina la mti, na leo inatumika katika nchi arobaini na kitu. Ndani yake mna lugha ndogo ya kuandikia kazi: chukua hiki, linganisha na kile, weka pale. Lugha hiyo ndiyo inayonilisha. Mwaka wa kumi na nane sasa naiandika katika maabara ya damu.

Ina ugonjwa mmoja. Ukiiomba ikuletee mtu mmoja, na kwenye jedwali wakawemo wawili wanaolingana na swali lako, haikwambii wako wawili. Inakupa wa mstari wa kwanza, inamwacha wa pili, inaendelea na kazi kama hakikutokea kitu. Njia ya kuizuia ipo, lakini ni mistari mitano, na siku ya Ijumaa hakuna anayeiandika. Mimi nataka neno moja, SOLO, yaani "peke yake". Ukilitanguliza umeapa kwamba unamtaka mmoja. Wakija wawili, au asije hata mmoja, kazi inasimama na kupiga kelele.

Jumanne, 6 Mei

Mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Nimempelekea Nibaldo rasimu. Nibaldo Oyarzo ndiye aliyenifundisha lugha hii, ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu Rayén, ndiyo maana tunaitana kompadre na komadre, na ni mmoja wa wale watano wenye ruhusa ya kuamua kipi kiingie Ulmo na kipi kisiingie. Mkewe Edelmira alikuwa anakaanga maandazi ya boga. Nibaldo akavaa miwani, akasoma kurasa zote sita huku maji ya chai ya yerba yakipoa.

"Kompadre, usinibembeleze," nikamwambia. "Kama ni takataka, sema."

"Komadre, lugha hii naijua tangu haijaota meno. Hili ndilo jino zuri la kwanza naliona miaka kumi hii."

Edelmira akadakia kutoka jikoni: "Msifu vizuri, Nibaldo! Usimsifu kama ng'ombe wa mnadani."

"Ng'ombe wa mnadani ningemfungua mdomo kwanza."

"Huyu ukimfungua mdomo utajuta," akasema Edelmira, tukacheka wote watatu.

Akanisahihisha kwa penseli mahali patatu. Ni yeye aliyesema neno likae mwanzoni mwa sentensi, si mwishoni, ili msomaji akutane na kiapo kabla ya jambo lenyewe. Ni kweli, hivyo ni bora. Halafu akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza: "Siku utakayotuma kwenye orodha ya barua pepe ya Ulmo, mkono huu utakuwa wa kwanza kuinuliwa."

Nilipokuwa navaa koti akaniuliza, "Lakini moto wote huu kwa neno la herufi nne? Nani kakuudhi?"

Nikasema hakuna.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimemwambia.

Edelmira alikuwa kwa dada yake. Tulikuwa wawili tu, na mvua ilipiga bati kwa nguvu hata ikabidi nisogeze kiti, maana jambo lenyewe si la kusema kwa sauti. Naliandika hapa kwa mara ya kwanza.

Corral, ng'ambo ya maji, walikuwako ndugu mapacha, Lisandro na Evaristo Maripán. Wote figo mbovu. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Agosti, walikuja kupimwa damu asubuhi moja. Kazi ya kumtafuta mgonjwa na kuchapa karatasi ya majibu yake niliiandika mimi, zamani, kwa haraka. Niliiambia imtafute mtu kwa majina mawili ya ukoo na tarehe ya kuzaliwa. Nilidhani inatosha. Mapacha sikuwafikiria. Yalipoulizwa majibu ya Lisandro, hifadhidata ilikuta mistari miwili, ikatoa wa kwanza. Wa kwanza ni Evaristo.

Basi Lisandro alikabidhiwa karatasi yenye jina lake na damu ya ndugu yake. Potasiamu nzuri. Daktari akamwambia nenda nyumbani. Kesho yake alianguka akipasua kuni, akafa. Kwenye cheti wakaandika moyo.

Mimi niliiona miezi mitano baadaye, nilipokuwa nahamisha majedwali. Majibu ya kweli ya Lisandro yalikuwa yameketi palepale kwenye mstari wa pili, potasiamu ya juu mno, ya kumlaza mtu hospitalini saa ileile. Nikaandika ile mistari mitano ya kuzuia, nikafunga, nikaenda nyumbani. Sikumwambia mkuu wangu. Sikumwambia mjane. Labda angekufa hata hivyo: sentensi hiyo nimeitafuna mpaka imeisha ladha.

Nibaldo alikuwa anamimina maji kwenye kibuyu cha yerba, akaendelea kumimina mpaka yakafurika mezani, hakuona. Nikachukua kitambaa nikafuta mimi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

Akanishika mkono. "Basi lizikwe mezani hapa, komadre. Wewe leta neno lako, mengine niachie."

Nimerudi kwa miguu, koti limelowa mpaka ndani, na sikumbuki mara ya mwisho nilipotembea mwepesi hivi.

Jumatatu, 26 Mei

Nimetuma. Saa nne na dakika kumi asubuhi.

Jumanne, 27 Mei

Majibu kumi na moja. Halvard wa Norwei, anayeongoza kamati ya wale watano, ana adabu na ni mgumu: "Kila neno jipya ni mtoto. Kulizaa ni siku moja, kulilisha ni milele." Mtu wa Arequipa ananichokoza: "Leo SOLO. Kesho mama huyu atatuletea WAWILI TU, na keshokutwa WATATU NA MBWA WAO." Mwanamke wa Asunción, mjumbe mpya wa kamati, simjui, ameandika mstari mmoja: "Mimi ningelitumia kila siku."

Nibaldo bado.

Alhamisi, 29 Mei

Nibaldo bado. Labda ana mafua.

Jumatatu, 2 Juni

Hana mafua. Nimekutana naye sokoni kando ya mto, ananunua samaki, simba wa baharini wamejilaza nyuma ya meza wakisubiri matumbo. Nikamuuliza. Akasema, "Moto ukiwaka hivi hupulizi, komadre, unangoja upoe. Mimi nawajua hawa. Nikisema mapema watasema Nibaldo anamtetea mtu wake." Akaniwekea samaki mmoja mfukoni mwangu. Nilimshukuru.

Jumapili, 8 Juni

Mvua ya siku tisa. Bustani ni bwawa. Nimejibu hoja za Arequipa moja baada ya nyingine, bila hasira, nadhani.

Jumanne, 24 Juni

Mwaka mpya wa watu wa mama yangu, wenyeji wa asili wa huku. Alfajiri tumenawa uso mtoni na shangazi, maji kama visu. Shangazi amesema mwaka mpya haupokelewi na mzigo wa mwaka jana.

Ijumaa, 4 Julai

Halvard ametangaza: kura tarehe kumi na tano. Wajumbe waseme walilonalo kabla ya hapo. Nimemwandikia Nibaldo: "Moto umepoa, kompadre." Amejibu: "Nakuja."

Jumanne, 8 Julai

Amekuja.

Barua yake ilifika nikiwa kazini, saa tano. Nilifurahi nilipoona jina. Nilisimama nikafunga mlango wa ofisi ili niisome kwa raha.

Nainakili hapa, maana kesho nitajidanganya kwamba nilisoma vibaya:

"Wenzangu, nimenyamaza kwa sababu jambo hili liko karibu nami. Namjua mwandishi wa programu, mtu wa huku kusini, mwenye uzoefu mwingi, aliyeandika swali la kizembe katika mfumo wa maabara. Hakufikiria kwamba mapacha wapo duniani. Mgonjwa alipewa majibu ya ndugu yake, akafa. Njia ya kuzuia ilikuwako katika lugha, hakuitumia. Alipoona kosa alilirekebisha kimya kimya. Nawauliza: neno la herufi nne lingemfanya mtu huyo kuwa makini? Anayejikata kidole asilaumu kisu. Tusibadilishe lugha ili kutuliza dhamiri ya mtu mmoja. Napinga pendekezo."

Dhamiri ya mtu mmoja. Hakuandika jina langu. Angeliandika lingekuwa tusi dogo zaidi. Kusini hapa waandishi wa maabara tunaotumia Ulmo tuko wawili, na mwenzangu ana miaka ishirini na minne. "Uzoefu mwingi."

Barua za orodha hazifutwi. Zimewekwa wazi kwa dunia nzima, kila moja na tarehe yake, za tangu mwaka wa kwanza hadi leo. Tulikuwa tukijivunia hilo, mimi na yeye. Tulisema sisi hatuna cha kuficha.

Mchana Rayén akapiga simu kutoka Concepción. Anasoma fani yetu, anaifuata orodha. Hakusalimia.

"Mama, mtu anayesemwa na baba wa ubatizo ni nani?"

Nikaifunga ile barua kwenye skrini.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Na alijuaje?"

"Nilimwambia mimi."

"Ulimwambia yeye," akasema, "hukuniambia mimi." Akakata.

Alhamisi, 10 Julai

Nilikwenda kwake bila kupiga simu. Edelmira alifungua mlango, akaniona sura, akasema "Karibu, shoga, chai ipo," halafu akamtazama mumewe naye akajua kuna jambo. Sikukaa.

"Ulisema lizikwe mezani."

"Sikutaja jina, komadre."

"Nibaldo, umenichora mpaka kucha! Umebakiza nini, namba ya nyumba?"

"Hoja ilikuwa lazima ijibiwe. Wewe ulileta pendekezo hadharani—"

"Nilileta neno! Wewe umepeleka maiti."

Edelmira akaketi. "Maiti gani?"

"Ungesema hulipendi SOLO," nikamwambia. "Ungesema ni baya, ni refu, halina maana. Ningelia siku mbili yakaisha. Wewe ulinisahihishia kwa penseli, kompadre! Ulilihamisha neno mwanzoni wewe mwenyewe!"

Hapo akapiga meza. Simjui hivyo. "Na ile kanuni ya mstari wa kwanza, nani aliiandika? Ulishawahi kujiuliza? Miezi miwili unaandika 'ugonjwa', 'ugonjwa wa lugha', 'aliyetunga hili hakufikiria', dunia nzima inasoma. Nilikuwa na miaka thelathini na minne! Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko saa yako. Kuhesabu mstari wa pili kulichukua muda, nikasema tosha, chukua wa kwanza. Ni mimi!"

Sikulijua hilo. Kanuni hiyo ni ya zamani kuliko barua za orodha, haina jina wala tarehe. Nilimtazama, akaonekana mzee ghafla. Siku ile ya mvua juu ya bati mimi nilidhani naungama. Yeye alisikia anashtakiwa.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nikuambie nini? Kwamba tumemuua wote wawili? Mimi nimejenga kitu kimoja tu maishani, Rosalba. Kimoja."

"Ukaona bora niwe nimemuua peke yangu."

Edelmira alikuwa analia kimya kimya, bado hajui ni maiti gani. Nikatoka.

Ningeweza kumhurumia. Nimejaribu njia nzima, daraja zima mpaka nyumbani. Imeshindikana.

Jumanne, 15 Julai

Neno limekataliwa, wanne dhidi ya mmoja. Mmoja ni yule wa Asunción.

Jumatatu, 21 Julai

Mkuu wa maabara ameniita. Amechapa barua ya Nibaldo, ameiweka mezani imetazama kwangu. "Hii ni yetu?" Nikasema ni yetu. Amenisimamisha kazi. Mwanasheria wao, kijana mwenye viatu vikavu katika mji huu, amenishauri nisizungumze na mtu yeyote, hasa familia. "Kwa faida yako, señora." Nikamuuliza familia itaarifiwa lini. Akasema jambo hilo litaangaliwa.

Jumatano, 23 Julai

Rayén kanipigia. Hakusamehe, lakini aliuliza kama nina kuni.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda Corral.

Niliogopa wataisoma kwingine. Barua ya Nibaldo inazunguka, Arequipa ameiita "kisa cha mapacha", watu wanaipitisha kama mzaha wenye funzo. Nikasema hapana, wasiipate huko.

Kivuko kilichelewa kwa upepo. Nyumba ya doña Uberlinda, mjane wa Lisandro, iko juu ya kilima, rangi ya kijani imebanduka upande wa bahari. Evaristo alikuwako, anaishi nyumba ya pili. Walidhani nimetoka kwenye sensa. Waliniwekea mkate na jamu kabla ya kuniuliza shida yangu, nami nikasema nisianze kula, nisikilizwe kwanza.

Nilisema kwa maneno mepesi. Kwamba mimi ndiye niliyeandika maagizo ya mashine. Kwamba mashine ilikuta watu wawili ikachukua mmoja. Kwamba nilijua, mwaka mmoja na nusu sasa, nikanyamaza.

Doña Uberlinda ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Aliikunja juu ya aproni.

"Alirudi na karatasi ile akicheka," akasema. "Aliibandika pale." Akaonyesha ukuta karibu na dirisha. "Alisema, mama, nimepona, nipe shoka."

Evaristo alikuwa ameinamisha kichwa. Ana uso mmoja na ule wa kwenye picha ya marehemu, kwa hiyo sikuwa na pa kutazama. "Kwa hiyo ile karatasi," akasema polepole, "ilikuwa damu yangu."

"Ndiyo."

"Aliniringia nayo. Aliniambia, umeona, mimi mzima kuliko wewe." Akacheka kidogo, kicheko kibaya, akatoka nje kwenye mvua bila kofia.

Doña Uberlinda hakunifukuza wala hakunisamehe. Alileta daftari la shule na kalamu. "Uliyoyasema, yaandike. Yote. Na jina lako na namba ya kitambulisho. Nitampelekea mwendesha mashtaka." Nikaandika ukurasa na nusu. Alisimama nyuma yangu akisoma kila sentensi. Nilipoandika "kosa lilitokea", alinigusa bega: "Lilitokeaje peke yake?" Nikakata, nikaandika "nilikosea".

Nilipoondoka mkate ulikuwa bado mezani. Akaufunika kwa kitambaa, hakunipa.

Jumatano, 20 Agosti

Wito wa mwendesha mashtaka umefika. Mvua, lakini nyembamba.

Jumamosi, 6 Septemba

Ujumbe wa Nibaldo, wa kwanza tangu Julai. Halvard amebadili mawazo: kisa cha mapacha kimewaogopesha wateja, watu wanaandika wakiuliza mbona lugha inanyamaza. Kamati iko tayari kulitazama neno upya. "Lakini jina lako kwa sasa lina kelele," ananiandikia. "Ningelipeleka mimi, kwa jina langu, litapita bila ubishi. Nakuomba ruhusa, komadre. Kwa ajili ya neno lenyewe."

Nimesoma mara tatu. Kwanza nilitaka kurusha simu mtoni. Halafu nikawaza juu ya maabara zote ambazo sizijui, na watu wote wanaofanana.

Nimemjibu: "Lichukue, don Nibaldo. Sharti moja. Palipo na 'sababu ya pendekezo', andika sababu ya kweli, na andika nani alitunga kanuni ya zamani."

Amejibu: "Bila shaka."

Ijumaa, 26 Septemba

Jua siku mbili mfululizo. Nimefungua madirisha yote, nyumba inanuka moshi wa miezi mitano.

SOLO limepita, watano kwa watano. Nimeifungua kumbukumbu yenyewe. Mwandishi: N. Oyarzo. Neno liko mwanzoni mwa sentensi. Mifano ni yangu, hata nukta zangu. Sababu ya pendekezo: "Kurahisisha uandishi."

Hayo tu. Kurahisisha uandishi.

Evaristo ana namba yangu. Alinipigia mwezi uliopita kuuliza jambo la mwendesha mashtaka, nikamweleza habari za neno langu, akasema nimjulishe likifika popote. Mjane hazungumzi nami, ni haki yake. Nikampigia Evaristo nikamsomea kama lilivyo, na jina la aliyelileta, na ile sababu.

Nyuma yake nilisikia honi ya kivuko. Ijumaa ni siku yake ya kuvuka kuja mjini kusafishwa damu.

"Huyo ndiye aliyekusema?"

"Ndiye."

"Na hakumtaja Lisandro."

"Hakumtaja."

"Lakini litafanya kazi? Wakija watu wawili, litasimama?"

"Litasimama. Litapiga kelele."

"Hata kama limeletwa na mwongo?"

"Hata hivyo, don Evaristo."

"Haya," akasema. "Wananiita nipande." Akakata simu.